Maswali Yale Yale, Mara ya Pili

Wifi yangu alipata kazi ya kuuliza watu kama wana huzuni. Nilicheka, sifichi. Ni mke wa kaka yangu, kwa hiyo kumtania ni haki yangu, na yeye hunirudishia bila kubakiza. "Wamewakosa watu wote wachangamfu, wakakuchukua wewe?" nilimuuliza. Akanijibu kwamba walitaka mtu asiyeropoka, ndiyo maana mimi sikuitwa.

Kaka alikuwa ng'ambo, akichomelea vyuma kwenye majengo marefu. Alipoondoka walikuwa na ndoa changa, hata vyombo vya harusi vingine havijatolewa kwenye maboksi. Alimwacha mkewe kwetu, chumba cha nyuma, mimi nikiwa chumba cha mbele na cherehani yangu ya kushonea sare za shule. Wazazi walishatangulia mbele ya haki. Mwanzoni alipiga simu kila Ijumaa, baadaye akawa anapiga akikumbuka. Ukimuuliza anarudi lini, jibu lilikuwa moja tu: nikipata nafasi. Mimi jibu hilo lilinipandisha mori. Wifi alilipokea kwa kunyamaza, na ukimya wake ulinitisha kuliko kelele zangu, maana nilijua iko siku atachoka, ataondoka, na mimi nitabaki peke yangu na cherehani.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Hospitali ilikuwa na hojaji fupi, maswali sita tu, ya kumtambua mtu aliyeelemewa moyoni kabla hajaanguka. Ila kabla ya kuitumia walitaka kujua kama inaaminika. Wifi alinieleza akiwa anamenya vitunguu: "Ukipanda kwenye mzani asubuhi, ukashuka, ukapanda tena papo hapo ukaona kilo nyingine, mbovu ni nani, wewe au mzani?" Basi walimhoji mtu leo, wakamrudia baada ya wiki mbili na maswali yale yale, neno kwa neno. Kama maishani mwake hakuna kilichobadilika, majibu yanapaswa kufanana.

Masharti yalikuwa mengi. Usome kama ilivyoandikwa. Usikunje uso. Na usiseme pole. Hili la mwisho liliwatesa wote. Kwenye mafunzo, mmoja alijifanya mhojiwa akasema halali usiku, na darasa zima likaitikia "pole" kwa pamoja, kama waliokubaliana. Msimamizi wao, daktari kijana mwenye subira, akashika kichwa. "Mkimpa pole mnamwonyesha jibu mnalolipenda," aliwaambia. Wakarudia, wakaitikia tena, safari hii kwa sauti ya chini.

Nyumbani alinifanyia mazoezi mimi.

"Katika mwezi uliopita, ni mara ngapi uliona kila kitu ni mzigo? Kamwe, mara chache, mara kadhaa, mara nyingi, au muda wote?"

"Mara chache. Na leo ni mojawapo, maana unanizibia mwanga."

"Ni mara ngapi ulijisikia huna tumaini?"

"Kamwe. Na wewe je?"

"Mhoji hahojiwi," akasema, akafungua ukurasa mwingine.

Kati ya watu wake alikuwemo mzee mmoja mstaafu wa kiwanda cha uchapaji. Mashine zilimharibu masikio, kwa hiyo wifi alilazimika kupaza sauti, na majirani wote wa ghorofa ile wakasikia mtu mzima akiulizwa kama anajiona hana thamani. Mzee naye alijibu kwa sauti hiyo hiyo, bila aibu. Muda wote. Mara nyingi. Muda wote. Mkewe alifariki, watoto wako mbali, na chumba kilikuwa na vumbi hata kwenye kiti alichokalia. Wifi aliniambia ulimi ulimwasha kwa ile pole asiyoruhusiwa kuitoa. Mwishoni alimwambia atarudi Jumanne, si hii, ile nyingine. Mzee akauliza saa ngapi. Saa nne asubuhi, akamjibu.

Jumanne hiyo alikuta mlango uko wazi. Chumba kimefagiliwa, shati limepigwa pasi, chai iko mezani na vikombe viwili. Akamsomea maswali yale yale kwa makelele yale yale, na majibu yakawa mengine kabisa. Mara chache. Kamwe. Mara chache. Likabaki swali la kufungia: tangu walipoonana, kuna jambo lolote kubwa limetokea maishani mwake? Mzee akafikiri. Akasema hapana, hakuna lililotokea. Kisha akaongeza, "Nilikuwa na mgeni wa kumngoja tu."

Kwa kanuni, hilo lilikuwa doa kwa hojaji: hakuna kilichobadilika, na majibu hayafanani. Wifi alimpelekea msimamizi maneno yale kama yalivyo. Msimamizi akamwambia ayaandike pembeni yote, asipunguze hata moja. "Kumbe tunaupima mzigo huku tumeushika kwa mkono," alisema.

Siku hiyo wifi alirudi mapema. Hakuvua viatu. Aliketi kwenye rundo la sare zangu, jambo ambalo kwa kawaida lingeniletea ugomvi, na nikaona uso wake nikaacha kukanyaga cherehani.

"Wifi," akasema, "yule mzee alipewa Jumanne. Jumanne moja tu, ya mtu asiyemjua. Mimi mume wangu hajanipa hata mwezi."

Miaka yote sikuwahi kumpa pole, kwa sababu kumpa pole kungekuwa kukiri kwamba kaka yangu anamkosea. Siku hiyo nilimpa. Akasema asante, akainama kufungua kamba za viatu.

Kesho yake alimpigia kaka, simu ikiwa kwenye spika, kati yetu mezani.

"Sitaki hela," alimwambia. "Sitaki zawadi. Nataka siku."

Kaka akacheka kidogo. "Mke wangu, si unajua nikipata..."

"Siku. Hata iwe mwakani. Nitaingoja."

Nyuma ya kaka vyuma viligongana. Kwa mara ya kwanza kaka yangu hakutunga kitu.

"Siwezi kukudanganya," akasema. "Sina."

Wifi akamshukuru kwa kusema kweli. Kisha akamuuliza kama kile kikohozi kimeisha, akamwambia anywe maji ya moto, akamuaga. Aliyelia ni mimi.

Alisubiri mpaka kazi ya hospitali ikaisha, halafu akaanza kufungasha kurudi kwa mama yake. Sikumlaumu. Nilimsaidia kukunja mashuka, nikamshonea mkanda wa begi uliokuwa umekatika, nikaushona mara mbili ili nichelewe kumaliza. Kila hoja niliyokuwa nayo ilikuwa ya kaka: subiri kidogo, mumeo anakupenda, hii ni nyumba yako. Zote nilishazitumia. Alipobeba begi lake na kufika mlangoni, likanitoka lile ambalo sikulipanga.

"Wifi, kaa. Si kwa ajili yake. Kaa na mimi."

Akatua begi chini. Alinitazama mpaka nikaona haya, mimi nisiyeona haya.

"Miaka yote mliniambia nimngoje," akasema. "Hakuna hata siku moja mtu aliniambia anataka nikae naye. Ungeniambia mapema, wifi, sijui kama ningekuwa na begi hili."

Alinikumbatia kwa nguvu, kisha akalibeba tena. Mama yake alikuwa anamsubiri na chakula kilishapikwa.

Chumba cha nyuma sasa naweka vitambaa. Kaka bado anapiga akikumbuka, namjibu vizuri tu, namuuliza afya yake. Lakini simu ikilia, ninayetamani awe ni wifi, na nikishaona si yeye ndipo nakumbuka kwamba nina kaka.