Sharti la 416

Bi Hiltrud Schäuffele hakuwa mtu wa kupendeka haraka. Aliingia kazini saa moja kasorobo na brezeli yake, mkate wa kusokotwa uliopakwa siagi, akala nusu, nusu akaikunja kwenye karatasi kwa ajili ya saa tatu, na mtu akithubutu kumsemesha kabla hajamaliza nusu ya kwanza, alikatwa jicho. Nimekaa naye chumba kimoja miaka kumi na moja, mkabala na kituo cha treni cha Plochingen, na muda wote huo yeye kwangu ni Bi Schäuffele na mimi kwake ni Bwana Kümmerle. Kwetu mkubwa kwa umri ndiye anayeruhusu watu waitane kwa jina la kwanza, na yeye hakuwahi kuniruhusu.

Alianza kama fundi wa breki karakana ya treni. Huko aliwahi kuona treni ikipitiliza jukwaa kwa mita nane, abiria wamesimama na mabegi yao wanaitazama inavyowapita, na tangu siku hiyo ukimwambia kitu "kinakaribia kuwa sawa" alikuona mjinga. Breki zilipohamia kwenye kompyuta, naye akahamia.

Kompyuta yetu ya breki inaendeshwa na mfumo ambao kiini chake kimeandikwa na maelfu ya watu duniani, kila mmoja na kwao, na kila wiki wanakibadilisha. Sisi tuna masharti 612 ambayo kiini hicho lazima kiyatimize ili treni isimame inapotakiwa. Kila sharti limeandikwa humohumo ndani ya msimbo, juu ya kipande kinachohusika, na pembeni yake kuna muhuri, yaani tarakimu ambazo mashine inazikokotoa kutokana na maneno ya kipande kile. Ikibadilika herufi moja, hata nafasi tupu, muhuri haulingani tena na sharti linageuka jekundu. Hapo ndipo tunaposomeana. Mmoja anasoma sharti kwa sauti, mwingine anapitisha kidole kwenye msimbo mstari kwa mstari, na hakuna wa kugusa kitufe mpaka wote wawili waseme "limekaa". Majina mawili yanaandikwa, muhuri mpya unapigwa, sharti linarudi kijani. Watu wa ghorofa ya juu walitucheka kwamba tunasali rozari.

Mwezi Juni mtu fulani, sijui wa nchi gani, aliamua kunyoosha pambizo za mafaili mengi kwa mkupuo. Masharti 340 yakawa mekundu asubuhi moja. Mimi nilikuwa likizo, miguu ndani ya maji ya ziwa, Bi Schäuffele akanipigia simu. Alisema ametazama ishirini, na yote yamebadilika nafasi tupu tu. Nikamwambia ayapitishe yote na aweke na jina langu, maana kusomea nafasi tupu ni kupoteza wiki mbili bure. Akafanya hivyo. Ndiyo mara pekee ninayojua alipitisha kitu bila kukisoma.

Mkaguzi, Bwana Ohnesorg, alikuwa aje Novemba, siku ya Alhamisi saa nne. Akiridhika, tunapata cheti na treni mpya zinaingia njiani kabla ya Krismasi. Saa mbili na nusu Bi Schäuffele alikuwa anachapisha karatasi za mwisho. Akasimama. Akaniita kwa mkono, bila neno, na mimi nikajua kuna balaa, kwa sababu huwa hakosi maneno.

Lilikuwa sharti la 416. Linasema kazi ya breki ikiomba zamu kwenye kompyuta, isisubiri zaidi ya milisekunde tano. Msimbo chini yake zamani ulihesabu muda na kukata foleni. Huu wa sasa ulikuwa unaomba, ukikataliwa unaomba tena, na tena, bila kikomo chochote. Mtu alichomeka badiliko la kweli katikati ya zile nafasi tupu. Na sharti lilikuwa kijani, na majina yetu mawili chini yake.

"Turudishe mistari ya zamani," nikasema. "Tunasomeana, tunapiga muhuri. Dakika arobaini. Nani atajua?"

"Na yale mia tatu thelathini na tisa?"

"Hayo ni nafasi tupu."

"Ndivyo tulivyosema Juni."

Niliendelea, na ninaona aibu kuyaandika. Nilimkumbusha kwamba amebakiza miaka mitatu astaafu. Nilimwambia watamnyang'anya haki ya kutia saini, na kwamba bosi wetu, Bwana Pfleiderer, ameshawaahidi watu wa reli. Nikamalizia kwamba jina langu nalo limo. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa moyoni mwangu hasa. Nusu ya brezeli ilikuwa mezani, saa tatu ikapita hajaigusa.

Bwana Ohnesorg ana mtindo wake. Anabeba dadu tatu za pande kumi kwenye kikopo cha filamu, anarusha, namba inayotoka ndilo sharti analolikagua, ikizidi 612 anarusha upya, ili mtu asije akasema amemwonea. Hukagua kumi. Tisa zilipita, tukasomeana mbele yake kama kawaida. Alirusha mara ya kumi. Dadu ya kwanza ikasimama kwenye nne. Ya pili, moja. Ya tatu ikaviringika, ikapita sahani ya biskuti, ikaanguka chini ya meza.

Bwana Pfleiderer, aliyekuwa amekaa nasi mezani, akainama kuiokota, mkaguzi akamzuia, akasema ya sakafuni haihesabiwi. Akairusha tena ile moja. Tisa.

Sharti la 419 lilikuwa safi. Mkaguzi akafungua kalamu yake, bosi akaanza kumimina kahawa, na mimi makwapa yakaanza kukauka. Nilishukuru. Ndiyo, nilishukuru.

"Naomba ukague na 416," Bi Schäuffele akasema.

Bosi akaacha kumimina. Mkaguzi akamtazama, akarudisha kifuniko cha kalamu, akavuta karatasi. Alipitisha kidole mwenyewe, mara mbili.

"Hili alilisoma nani?"

"Hakuna aliyelisoma. Nililipitisha mimi, na mengine 339, kwa siku moja."

"Naona majina mawili hapa."

Bi Schäuffele hakunitazama. Angenitazama hata kidogo, ningesema alinisukuma, na ningeishi na uongo huo vizuri tu. Aliangalia mikono yake na kungoja.

"Mimi ndiye niliyemwambia aweke jina langu," nikasema. "Nilikuwa likizo. Sikusoma hata mstari mmoja."

Cheti hatukukipata. Krismasi ilipita na treni zikiwa zimelala yadi. Bwana Pfleiderer alitupita kwenye korido kama makabati. Sote wawili tulivuliwa haki ya kutia saini kwa mwaka mzima, tukapewa kazi ya kuyasomea yale 340 upya, moja baada ya jingine, wengine wakitia saini badala yetu. Yeye alijua vizuri kwamba mwaka mmoja katika mitatu ni mwingi. Hakulalamika, ila alizeeka.

Mwezi Februari tulifika sharti la 88. Nikasoma: kihisi cha mwendo kikinyamaza, breki ishike yenyewe bila kuamriwa. Kidole chake kikashuka, kikasimama. Mistari ya kukagua ukimya ilikuwa imehamishwa chini ya mstari wa kutokea, mahali ambapo kompyuta haifiki kamwe. Kihisi kingenyamaza, na treni ingeendelea kwenda.

Zile dakika arobaini nilizozitaka Novemba zingelirekebisha lile moja, na hili lingeingia njiani na watu ndani ya treni.

Hakuniambia nililostahili kuambiwa. Alichukua nusu yake ya brezeli, akaikata, akanisukumia kipande.

"Soma tena, Reinhold," akasema.