Njia ya Shangazi Gazetini

Uhakiki wa kwanza wa riwaya yangu niliusoma nimesimama kando ya muuza magazeti, Busia upande wa Kenya, huku waendesha bodaboda wakinipigia honi niwapishe. Nilikuwa nimevuka mpaka kutoka Tororo asubuhi kwa ajili ya gazeti hilo tu. Riwaya yenyewe ni ya kisayansi, ya kusisimua: mpakani pamewekwa mashine inayosoma mawazo ya kila anayevuka, na msichana mmoja anajaribu kuitoroka. Mashine hiyo ilinichukua miaka mitatu kuibuni. Mhakiki aliimaliza kwa sentensi moja, kwamba haishawishi. Kisha akaisifu aya nzima njia ya panya anayopita msichana. Alisema kila kichuguu kiko mahali pake, na kwamba msomaji angeweza kuifuata kitabu kikiwa mkononi.

Kwanza niliumia kwa ajili ya mashine. Halafu nikaelewa nilichokisoma.

Njia ile sikuibuni. Ni ya shangazi yangu wa Sikuda, ambaye huvusha trei za mayai kwenda Kenya bila kupita getini. Nilibadilisha jina la kijiji, nikajiona mjanja. Kichuguu, kanisa la mabati lisilo na mlango, mawe matano ya kuvukia kijito, vyote niliviacha vilivyo kwa uvivu tu. Na mayai hayo ndiyo yaliyonisomesha.

Nikajipa moyo: maofisa wa mpakani na riwaya wapi na wapi. Lakini niliporudi mpakani, ofisa aliyepokea kitambulisho changu dirishani alilitazama gazeti mkononi mwangu, akanitazama mimi. Picha yangu ilikuwa pale, kubwa kuliko uso wenyewe.

"Madam, kumbe ni wewe umeandika hii kitabu," alisema. "Mimi napenda sana hizi stori. Hiyo njia iko huku kwetu?"

"Nimeibuni," nikasema.

"Lakini hapa wanasema mashine ndiyo umebuni."

Alitabasamu, akanirudishia kitambulisho. Labda alikuwa akinitania.

Sikurudi Tororo. Nilipanda bodaboda moja kwa moja hadi Sikuda. Shangazi alikuwa akipanga mayai, akanisikiliza bila kuinua kichwa. Hajui kusoma, kwa hiyo akataka nimsomee. Nikakitoa kitabu mkobani, nikasoma hadi pale msichana anapofika kwenye kijito.

"Hapo anapita?" akauliza.

"Hapana, shangazi. Wanamkamata."

"Kwa nini?"

Nikamwambia kitabu cha namna ile kinataka mtu akamatwe. Maneno yalinitia aibu yangali mdomoni.

"Basi wewe umenifunga tayari," alisema. "Lakini mayai itaoza. Kesho mimi nakwenda."

Zamani kila mtoto wa nyumba ile alitumwa kumtangulia na jerikeni, kama anayekwenda kuteka maji. Ukiona sare mbele, unaliweka jerikeni chini, naye aliye nyuma anageuka. Hivyo ndivyo nilivyoijua njia. Alfajiri nikaliomba jerikeni, mtu mzima mwenye mvi. Shangazi hakucheka.

Sijawahi kuogopa vile. Nilipita kichuguu, nikapita kanisa, na kila mahali nilikumbuka sentensi niliyopaandikia, nikatamani ningeifuta. Kuku alipochakura kwenye majani nilikaribia kulia. Nyuma yangu shangazi alikuja polepole na trei zake kichwani, kwa mwendo ule ule wa miaka yote.

Kwenye kijito hapakuwa na mtu. Lakini katika matope, kando ya jiwe la kwanza, palikuwa na alama za buti, mbichi, za watu wawili. Zilikuja hadi pale, zikasimama, zikarudi. Sijui kama kitabu ndicho kilichowaleta. Huenda maofisa hutembea kote bila kusoma riwaya ya mtu.

Nikaliweka jerikeni chini. Sikuthubutu kugeuka. Nilisikia hatua zake zikisita, kisha zikirudi zilikotoka.

Hajaipita tena njia ile tangu siku hiyo. Wahakiki wengine wawili wameshaisifu.