Taa za Breki Jumapili Ile

Jana fundi alipokuwa anapiga msasa kutu kwenye gari langu, ile harufu ya chuma na chumvi ilinirudisha uani kwetu Mtwara.

Ilikuwa Jumapili. Bibi, mama yake mama, alikuwa Kilambo, kivukoni kwenye mto wa mpakani, anasubiri mtumbwi wa alasiri. Vita vya ng'ambo vilikuwa vimekwisha, anarudi kwao, nasi tulikuwa tunakwenda kumuaga. Mama alimwokea mkate wa kumimina, kwa sukari ya kupanga foleni, akaufunga kwenye kanga na kuuweka kiti cha nyuma cha gari la baba.

Taa za breki zikagoma. Baba, karani wa bandarini, hakuwa mtu wa kutoka na gari bovu. Alibadilisha balbu, akabadilisha fyuzi, mimi nakanyaga pedali, yeye kachuchumaa nyuma.

“Baba watoto, twende hivyohivyo,” mama alisema. “Nani atazitazama?”

“Polisi. Kanyaga, mwanangu. Achia. Kanyaga.”

Miaka ile ya kubana petroli, Jumapili ikigonga saa nane mchana, gari la mtu binafsi marufuku barabarani mpaka kesho yake. Mama akawa anaingia ndani kutazama saa, anatoka, anaingia tena.

Kumbe ni skrubu moja tu ya waya, imeliwa na chumvi. Baba akaisugua, akaikaza.

“Kanyaga!”

Ukuta wa nyuma ukawa mwekundu. Baba akacheka, peke yake. Saa nane ilikuwa imeshapita. Mama alilichukua furushi lake, akaketi barazani, akalifungua.

“Kuleni,” alituambia. “Mwenyewe anavuka.”