Ukungu Ulikuwa Umeinuka

Kuna watu wakinikuta sokoni Nyaramba hawaniulizi habari za kazi wala za nyumbani, huniuliza, "Momanyi, ukungu umeinuka?" kisha wanacheka mpaka wanashika magoti, nami nacheka nao, maana aibu hata ukiikimbia itakutangulia nyumbani, na yangu ilishafika kitambo.

Shangazi yangu Kerubo ni mjane anayelima chai. Asubuhi moja akichuma karibu na mpaka, mtu alimjia kwa nyuma akampiga rungu mkononi, mfupa ukavunjika. Yeye alisikia sauti tu. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni na kikombe changu cha chai, na nilimwona Ondieki, jirani anayegombania naye mpaka huo, akitoka kwenye michai na rungu mkononi. Hakuna mwingine aliyemwona. Kesi nzima ilining'inia kwenye macho yangu mawili, na shangazi hakutaka fidia wala kisasi, alitaka tu achume chai yake bila kugeuka nyuma kila mara.

Siku ya kesi mjini Nyamira nilivaa suti niliyovaa siku ya mahafali (ilikuwa imeanza kunibana kwapani, lakini shahidi msomi lazima aonekane). Kiongozi wa mashtaka alikuwa mama mmoja mwembamba, kabeba faili hadi kidevuni, akatuambia mashahidi tukae nje tusisikilizane, kila mtu aitwe kwa zamu yake. Nikamuuliza kwa nini. Akanieleza. Nikauliza tena, maana ndivyo nilivyo, kisha nikamshauri amwambie hakimu jinsi Ondieki alivyo mkorofi tangu zamani.

"Mimi si wakili wa shangazi yako," alisema. "Kazi yangu ni kuweka ukweli mbele ya hakimu, hata ule usiotufaa."

Nilicheka kwa pua. Nilijiambia huyu ana kesi nyingi mno, hata jina langu hatalikumbuka, na shangazi akikwama mle ndani, mimi niliye nje nitajuaje? Basi nikavua koti na tai nionekane mtu wa kawaida, nikapenya, nikakaa nyuma ya mama mmoja mwenye kilemba kikubwa. Nilitaka kusikiliza tu.

Shangazi alieleza vizuri, mkalimani akifuata. Kisha wakili wa Ondieki akasimama, akamuuliza kama asubuhi ile kulikuwa na ukungu. Akasema ulikuwepo. Akamuuliza, kwa ukungu ule, mtu aliye jikoni angeweza kumtambua mtu kwenye michai? Shangazi akanyamaza, akatazama mkono wake. Mimi nilijua jibu, na mdomo wangu haujawahi kujua jibu ukatulia.

"Ukungu ulikuwa umeinuka," nilisema.

Nilidhani nimenong'ona. Kilemba kiligeuka, chumba kizima kikageuka, na hakimu akauliza nani amesema. Nikatazama viatu vyangu. Hakuna aliyenijua mle ndani ila shangazi, ambaye hangenitaja, na yule kiongozi wa mashtaka. Nikasema moyoni, huyu ni wetu, atakaa kimya.

Akasimama. "Mheshimiwa, huyo ni shahidi wangu wa pili. Nilimwagiza akae nje."

Hapo mwenye akili angeomba radhi. Mimi nilianza kumweleza hakimu kwamba mahakama ni ya umma na katiba inaniruhusu kukaa popote (nilisema hivyo kweli, bila koti, tai ikichungulia mfukoni). Akaamuru nikakae na mahabusu hadi niitwe. Nikabanwa katikati ya vijana wawili, mmoja akaniuliza kwa huruma nimeiba nini.

Zamu yangu ilipofika, wakili aliuliza kama polisi niliwaambia habari ya ukungu kuinuka. Sikuwaambia, kwa sababu hawakuniuliza.

"Kwa hiyo umeipata humu ndani leo," akasema, akaketi.

Nilikuwa nimesema kweli tupu, na ilisikika kama uongo hata masikioni mwangu.

Siku ya uamuzi hakimu alisema Kerubo aliumizwa, hilo halina shaka, ila ushahidi wa nani aliyemuumiza haungeweza kutegemewa, hivyo Ondieki aende nyumbani. Akaenda nyumbani, ambako ni ng'ambo ya ua wetu. Nilimfuata kiongozi wa mashtaka kwenye ukumbi nikamuuliza angepungukiwa na nini kama angenyamaza. Alikuwa amechoka, macho mekundu, faili zile zile kifuani.

"Nilikuambia ukae nje, Momanyi," alisema, akaenda zake.

Jina langu alilikumbuka.

Bado nauliza maswali, sijui kuishi vinginevyo, lakini nikiambiwa ningoje nje nangoja nje, hata mvua ikininyeshea. Mistari ya chai iliyo karibu na mpaka haichumwi tena, imerefuka imekuwa kichaka. Shangazi hajanilaumu hata siku moja. Ila kila asubuhi, kabla ya kujifunga kikapu mgongoni, husimama mlangoni pale jikoni, akiushika mkono ule uliopinda, na kuniuliza kama wanavyoniuliza sokoni, isipokuwa yeye hacheki.

"Momanyi, ukungu umeinuka?"

Nami hutoka nje kwanza, nikamtazamie.