Jante Iliyogongwa Jumamosi Ndosho

Mimi ni mtu wa maharagwe. Nilianza kuyauza katika mji wa Kiwanja, na vita vilipotutoa huko nilifika Goma na mama, mdogo wangu wa kiume, na mizani yangu ya chuma nimeilaza juu ya chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili. Njiani watu walinicheka: wenzangu wamebeba magodoro, mimi nimebeba mizani. Lakini kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na nilijua kwamba mwenye mizani hata ugenini atapata pa kusimama. Tulipata kibanda cha mbao mtaa wa Ndosho, kando ya barabara, nikafungua depo ya maharagwe.

Nyuma ya depo palikuwa na uwanja ambapo vijana walifanya mchezo wa kupigana kwa kila namna: ngumi, mateke, kuangushana, kukabana chini. Waliuona kwenye simu, wakauita MMA kama wanavyouita wengine. Chini pale ni mawe meusi ya volkeno yanayochana viatu, kwa hiyo walishona magunia yangu matupu, wakayajaza maranda ya mbao, wakapata pa kuangukia. Mwalimu wao, fundi wa magari mwenye pua iliyovunjika mara mbili, akaja kuniomba mizani. Alisema mpiganaji asiyejua kilo zake anadanganya watu. Nikakubali, na tangu hapo kila Jumamosi nilipima binadamu kabla ya kupima maharagwe.

Shughuli ile ilikuwa na desturi yake. Nilitundika jante ya lori, ile rimu ya chuma ya gurudumu, mbele ya mlango. Saa tatu asubuhi nilianza kuigonga kwa nondo, na sheria ilikuwa moja: sikomi mpaka mpiganaji wa kwanza apande kwenye mizani. Wakichelewa, mtaa mzima unasikia kelele inaendelea, na vicheko vinaanza: "Leo baliogopa!" Mmoja akipanda, naweka nondo chini, nasogeza uzito, kisha napaaza sauti kwa Kifaransa, maana ndivyo tunavyohesabu vitu: "Soixante-deux!" Yaani kilo sitini na mbili. Wapita njia wanapiga makofi, na akina mama wa ndizi wanatoa maoni ambayo hakuna aliyewaomba.

Nilijifunza kuwajua kwa jinsi walivyopanda. Anayetazama miguu yake ana woga. Anayetanua kifua anapenda macho ya watu, na huyo atachoka mapema. Watatu niliwapenda kuliko wote. Wa kwanza alikuwa dada muuza makaa, aliyepanda kama anaingia jikoni kwake. Nilimwona akimkaba mwanaume aliyemzidi kilo kumi, hadi yule bwana akapiga kiganja chini kuomba aachwe. Wa pili alikuwa dereva wa pikipiki, mwenye miguu mirefu na teke ambalo hulioni likianza. Wa tatu alikuwa mdogo wangu. Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na miwili, kilo septante, yaani sabini, mkono wa kushoto. Sisemi kwa udugu, kwa sababu nyumbani alikuwa mvivu na mlafi na nilimgombeza kila siku. Lakini akiwa juu ya magunia yale alitulia, akamwacha mwenzake afanye haraka, kisha akampata. Mwalimu alisema amebakiza miaka miwili tu kabla ya kwenda kupigana Kinshasa, na mimi nilishaanza kuwaza nitavaa nini siku hiyo.

Wahenga walisema chema chajiuza. Mimi ni mchuuzi, sikuweza kukiacha chema kijiuze peke yake. Nilichukua chokaa nikaandika kwenye mlango wa depo, upande wa barabarani, wale walionipendeza machoni: jina, mtaa, kilo, na sifa moja moja. Watu waliokuja kununua maharagwe walisimama kusoma. Nilijiona mtu mkubwa.

Kisha wakimbizi wakaanza kuingia kutoka upande wa mji wa Sake. Mwanzoni walikuwa na mbuzi. Siku zilizofuata walikuja na sufuria tu, na wa mwisho walikuja mikono mitupu, wakitembea haraka bila kuzungumza, na hao ndio walionitia hofu. Milio ya mabomu ilisogea. Umeme ukakatika, kisha maji. Asubuhi moja tulikuta sare za askari zimetupwa kwenye mtaro, na buti zikiwa bado na matope mabichi. Wenye bunduki wapya walikuwa wameshaingia mjini.

Siku ya nne walikuja depo. Walikuwa watatu, wakiongozwa na mtu mmoja mpole, msafi, asiyeinua sauti. Hakutaka maharagwe. Alisimama mbele ya mlango wangu akasoma kutoka juu hadi chini, polepole, midomo ikicheza. Nilisimama nyuma yake nikisoma pamoja naye, na kwa mara ya kwanza nikaona nilichokuwa nimeandika. Ilikuwa orodha ya vijana wa kuchukuliwa.

"Huyu wa mkono wa kushoto, ni nani?" aliuliza.

"Bote balishakimbia, chef," nilijibu, maana ndivyo tunavyowaita wakubwa.

Hakubishana. Alitoa simu, akaupiga picha mlango wote, akageuka kunitazama kwa upole uleule. "Nimeambiwa Jumamosi huwa unawaita. Jumamosi hii utawaita. Tunapenda vijana wa michezo." Alipoondoka niliufuta mlango kwa maji ya kunywa, maana hatukuwa na mengine. Nilijua ni kazi bure, lakini nilisugua mpaka mbao ikaonekana mpya.

Nilizunguka nyumba kwa nyumba siku hiyo hiyo. Dada wa makaa alinisikiliza bila kuacha kufunga gunia lake, akasema ameelewa. Dereva hakungoja nimalize. Kesho yake hakuwepo. Mwalimu aliwaonya waliobaki. Barabara za kutoka mjini zilifungwa, na kwenye njia panda vijana walikuwa wakishushwa kwenye pikipiki, kwa hiyo mdogo wangu nilimpeleka kwa katekista wetu, nyuma ya kanisa, mwendo wa dakika kumi kutoka depo. Alinicheka, akiniita grand, yaani kaka mkubwa, kama kawaida yake.

"Grand, mutu atakamatwa sababu ya mulango?"

"Nyamaza. Jumamosi nikigonga, hata jante ikipasuka, usikuye."

"Sawa. Na weye je?"

"Miye niko mutu wa maharagi. Batanifanya nini?"

Akanitazama kidogo, akasema sawa tena. Nilipaswa kuogopa ile sawa ya pili.

Jumamosi yule mtu alifika kabla ya saa tatu na gari la wazi nyuma. Alikaa juu ya gunia langu la maharagwe, akanionyesha jante kwa kidevu. Nikaanza kugonga. Akina mama wa ndizi walikusanya vitu vyao. Milango ya mbao ikafungwa mmoja baada ya mwingine, na barabara ya Ndosho, ambayo sijawahi kuiona bila watu, ikabaki na mbwa mmoja.

Niligonga. Hakuja mtu. Nitasema ukweli: nilifurahi. Kila pigo ambalo halikumleta mtu nililihesabu kuwa ni ushindi wangu, na nilitaka hata kucheka. Nilipopunguza mkono yule mtu alisema, "Usikome. Si ndiyo sheria yako?" Mmoja wa askari wake akaja kusimama nyuma yangu, karibu sana, nikasikia pumzi yake shingoni. Basi woga ukaingia mkononi. Niligonga kwa nguvu ambayo sikuwahi kuigonga nayo, ngozi ya kiganja ikachunika, na sauti ikaenda juu ya mabati ya mtaa mzima. Sikufikiri inafika wapi. Nilikuwa nimesahau kwamba kila mtu Ndosho anajua maana ya jante isiyonyamaza, na kwamba mmoja wao alijua pia ni mkono wa nani.

Alitokea kwenye kona, kifua wazi, amevaa kaptula yake ya mazoezi. Hakukimbia. Nilipiga kelele arudi, na askari akanipiga ubavuni kwa kitako cha bunduki, nikaanguka juu ya magunia, nondo ingali mkononi. Mdogo wangu alinipita, akapanda kwenye mizani, akasimama wima.

"Weka nondo chini, grand," alisema. "Nilisikia haikome. Nikajua uko weye peke yako."

Yule mtu aliniuliza ni kilo ngapi. Mdogo wangu alikuwa amepungua kwa ile njaa ya wiki. Nikainuka, nikasogeza uzito, nikasema soixante-six, sitini na sita. Akaandika kwenye simu yake. Nilimwambia anichukue mimi, nina nguvu, nabeba magunia tangu nikiwa kijana. Akanijibu kwa adabu kabisa, "Hapana, muzee, wewe endelea na kazi yako." Mdogo wangu akapanda gari mwenyewe, kabla hajasukumwa. Walimkalisha katikati, gari likaelekea upande wa uwanja wa ndege, na hakugeuka kunitazama. Nadhani alifanya hivyo kwa ajili yangu.

Mama alikuwa ziwani kuchota maji pamoja na mji wote. Alirudi mchana, bidoni la maji mgongoni, na mtaa ulishamwambia mambo kabla hajafika kwangu. Alitua mzigo. Hakulia. Alitazama mkono wangu uliochunika, kisha uso wangu.

"Ni nani alimuita?"

Ningeweza kumwambia ni wale wenye bunduki, na nisingekuwa nimesema uongo. Nilifungua kinywa ili niseme hivyo.

"Ni miye, mama."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei.

"Basi enda umuite arudi."