Mgema Aliyetumwa Kumuua Sultani

Binti yangu ana mchezo wa mezani usio na ubao wala karata. Watu wanakaa, mmoja anasimulia nchi ya uongo yenye majini na masultani, na wengine kila mmoja anajitungia mtu wake na kumsemea: sasa naingia hapa, sasa nampiga yule. Jambo likiwa na mashaka, unarusha dadu: ikija namba kubwa umefaulu, ikija ndogo umeshindwa. Na dadu lenyewe si hili letu la kawaida, lina nyuso ishirini, limejaa vipembe kama tunda la topetope.

Msimulizi ni yeye binti yangu, muuguzi. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana wenzake walikuwa wakija hapa kwangu Malindi, wanakaa barazani, nami nakaa ndani karibu na dirisha nikisikiliza redio. Ndivyo nilivyowaambia. Redio ilikuwa imezimwa.

Siwezi kusikia mtu akiharibu kazi nikanyamaza. Nikawa napiga kelele dirishani: "Mwambieni apite nyuma! Kwani hiyo nyumba haina mlango wa jikoni?"

"Baba, wewe huchezi," binti ananijibu.

"Sichezi, lakini masikio ninayo."

Basi mmoja wao akahamishwa kikazi, kiti kikabaki kitupu. Nilikitaka kile kiti. Naisema hivyo hivyo ilivyo, sina haja ya kuzunguka. Mamake alitangulia, watoto wengine wako mbali, na siku nyingine zote nyumba hii, niliyoijenga kwa tofali nilizozifyatua mwenyewe, huwa na miye na ile redio. Jumamosi ndiyo siku ambayo kunachekwa.

Wenzake waliobaki walikuwa wawili. Kijana wa bara auzaye dawa mjini, mchezoni ni jitu lenye shoka. Na mwalimu wa kike kutoka Shella, mchezoni ni mchawi wa moto. Mwalimu alikuwa na binamu yake aliyekuwa akikingojea kiti hicho hicho. Wakakaa wakaamua, nami nikaitwa barazani kama mtu anayeomba kazi.

"Baba," akasema binti, "leo unajaribiwa. Tunahitaji muuaji wa kificho, wa kuingia kwa sultani kimya kimya amuue. Akitoka hai, kiti chako. Akifa, kiti cha binamu wa mwalimu."

"Na mkinipa nitakikalia milele?"

"Jaribu kwanza, mzee," akasema muuza dawa.

Tukaanza kumtengeneza muuaji wangu. Kwanza nikaambiwa nichague kabila: kuna wenye masikio marefu, kuna vibete, kuna watu wa mijusi. Nikauliza, Mgiriama kama miye hakuna? Wakatazamana. Binti akaandika Mgiriama.

Muuza dawa akanichorea sura. Mwembamba, joho jeusi, uso umefunikwa, yamebaki macho tu.

"Huyu nani?" nikauliza. "Hana kwao?"

"Ni muuaji wa kificho, mzee. Hatakiwi kuonekana."

"Mtu aliyejifunika uso mchana kweupe ndiye anayeonekana kuliko wote! Hapo sokoni kwetu asingefika hata kwenye mafungu ya nyanya, angekuwa ashaitiwa mwizi."

Mwalimu akacheka mpaka mtandio ukamwangukia mabegani. "Haya baba, wako avae nini?"

"Kaptula. Na kisu kiunoni, wazi, kila mtu akione. Wangu ni mgema."

Kabla ya kuja kuuza tofali nilikuwa nagema mnazi Kaloleni, kazi hiyo naijua. Mgema anapanda juu asubuhi, mchana na jioni, anaingia kila boma, mbwa wote wanamfahamu, na hakuna aliyewahi kumuuliza mgema hicho kisu ni cha nini. Binti akawa anaandika mbio. Kupanda, hodari. Kunyapa, hodari. Kisu, kotama. Kisha kuna namba unazigawa, za nguvu, wepesi, akili na nyinginezo. Kubwa nikaiweka kwenye wepesi, ndogo kuliko zote nikaisukuma kwenye afya.

"Mzee, afya usiidharau," akasema muuza dawa. "Ndiyo inayokushika ukiumwa."

"Umewahi kumuuzia mgema dawa?"

"Kusema kweli, bado."

"Basi andika."

Silaha ya mwisho ndiyo niliyoionea fahari. Sumu. Ya polepole, inayomwacha mtu azungumze kwanza, ili mgema wangu apate nafasi ya kuaga na kuondoka. Naitia kwenye kibuyu cha mnazi, nampelekea sultani zawadi.

"Mie pombe hata ya mchezoni siigusi," akasema mwalimu.

"Hukuletewa wewe, mwanangu. Kaletewa sultani."

Mchezo ukaanza. Sultani yule dhalimu aliufunga mto, watu wakafa kiu. Jumba lake liko ndani ya bonde jekundu lenye kuta zilizochongoka, nikamwambia binti hilo si lile bonde letu la Marafa hilo, akasema baba, cheza. Jitu na mchawi wakabaki kwenye vichaka. Mimi nikavua kandambili. Nikasimama kabisa, nikanyapa pale barazani kwa vidole, huku nasema: nalipanda ukuta. Dadu, kumi na saba! Nashuka upande wa pili. Dadu, kumi na tisa! Askari ananitazama. Namwambia, mnazi wa bwana mkubwa huu, unachacha, nipishe. Dadu, likapita! Muuza dawa anapiga meza, mwalimu anasema "Allah! Allah!", na mimi jasho linanitoka kama niko juu ya mti kweli.

Nikafika mbele ya sultani. Binti akakaza sauti ikawa nene: "Karibu, mgema. Umeniletea nini?"

"Nimekuletea wa leo asubuhi, bwana, bado mtamu," nikasema, na mikono yangu nayo inafanya. "Nafungua kibuyu. Nachuja nyuki waliofia ndani. Namimina kwenye kata, povu nalipuliza, naonja funda moja, nampa kwa mikono miwili."

Penseli ya binti ikasimama.

"Baba," akasema binti kwa sauti yake mwenyewe. "Umesema unaonja?"

Kwetu anayeleta mnazi ndiye anayeonja kwanza, ili mnywaji anywe bila wasiwasi. Hufundishwi, unakua ukiona hivyo. Nimemimina maishani mwangu mara zisizo na idadi, na kila mara nimeonja. Mdomo ulisema wenyewe.

"Futa hilo!" nikapiga kelele. "Futa! Sikuonja!"

"Kilichosemwa kimesemwa."

"Mzee kajitilia sumu!" Muuza dawa alishateleza kwenye kiti. "Muuaji kajiua!"

"Ngojeni!" nikasema. "Sumu si ya polepole? Bado nina uhai. Na sultani kaniona nimeonja. Sasa akatae kunywa kwa sababu gani?"

Binti akanitazama. Akamrushia sultani dadu. Akalitazama, akaanza kutikisika mabega kabla hajasema lolote. "Anakunywa," akasema. "Anakunywa kata nzima. Anaomba nyingine!"

Nikammiminia. Ikaja zamu ya afya, kuona nani ataishinda sumu. Mimi nikarusha kwa nguvu, dadu likaruka mezani likaingia chini ya mtungi wa maji, muuza dawa akalifuata kwa magoti. "Mbili, mzee!" Binti akamrushia sultani. Tatu. Basi tukaanguka wawili, mimi huku na sultani kule, kibuyu katikati. Binti yangu alilaza kichwa mezani akacheka hadi akakosa sauti. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu tumzike mamake.

Lakini sharti lilikuwepo. Muuza dawa alipopata pumzi akasema, "Pole, mzee. Ulitakiwa utoke hai."

"Mto umefunguka au haukufunguka?"

"Umefunguka."

"Na nyinyi wawili mlifanya nini? Mlikaa vichakani!"

Binti akasema yeye hawezi kuamua, mimi ni babake, itaonekana upendeleo. Akamgeukia mwalimu, maana mwenye mtu wa kukikalia kile kiti ni yeye. Mimi nikavaa kandambili zangu. Kubembeleza sijui.

Mwalimu akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Binamu yangu mie namjua," akasema. "Atakuja na yule wake wa joho jeusi, tulale sote. Atangoja. Baba, tengeneza mwingine."

Nikaomba penseli hapo hapo. Wakanishauri nimfanye mke wa mgema, aliyefiwa, anayewatafuta waliomtuma mumewe kwenye kifo. Waliomtuma wenyewe ni lile jitu na yule mchawi. Jumamosi iliyofuata nilikuwa nimejifunga leso ya marehemu mke wangu kiunoni, nimeanza kuwafokea, jirani akabisha hodi anataka tofali za choo. Nikamwambia arudi kesho, sasa hivi mimi ni mjane.