Nyongeza ya Jaji Haskew

Kwa miaka kumi na tisa Verlene Tidwell alilipwa ili asikilize. Masomo yake yaliishia sekondari. Mashine ya kunukuu maneno ya mahakamani alijifunza akiwa na mimba ya binti yake, na tangu hapo neno halimponyoki. Hata kanisani vidole hucheza juu ya goti, vikinukuu mahubiri.

Jumanne ile alikaa mstari wa mbele kwenye mkutano wa makamishna wa kaunti. Walitaka kukata fedha ambazo kaunti humpa Jaji Haskew juu ya zile anazolipwa na jimbo la Georgia. Zikikatwa, jaji angerudi kwenye uwakili, na Verlene, aliyeajiriwa na jaji huyo, angetoka naye kwa mlango uleule. Jaji mwenyewe hakuja. Aliona haya kujiombea.

"Jimbo linamlipa," alisema mwenyekiti, Royce Purvis, muuza matairi. "Hii yetu si mshahara, jamani. Ni mchuzi tu juu ya mkate."

"Wewe Royce, mkate mkavu uliula lini?" mzee mmoja akamchokoza kutoka nyuma. Tumbo la Royce lilitosha kuwa jibu, watu wakacheka.

Ikafika zamu ya Verlene. Kila mwananchi hupewa dakika tatu.

"Bwana mwenyekiti, kama si mshahara, ni nini?"

"Bi Verlene, ni nyongeza."

"Nyongeza."

"Nyongeza tupu. Nikuandikie?"

"Usisumbuke. Nimeshaandika."

Akafungua katiba ya jimbo pale alipokunja ukurasa, akasoma polepole, kama anavyowasomea mashahidi maneno yao wenyewe: mshahara, posho au nyongeza ya aliyemo madarakani haitapunguzwa katika muhula wake.

Purvis akamgeukia wakili wa kaunti. "Limo hilo neno?"

"Limo." Wakili alikuwa anafuta miwani. "Ungesema mchuzi ukanyamaza, angalau tungebishana."

Safari hii hata makamishna walicheka. Hoja ikaondolewa.

"Muhula wake umebaki miaka mitatu," Purvis alisema, akikusanya karatasi. "Tutangoja."

"Ngojeni, Bwana Royce."

Verlene akachukua mkoba wake. Binti yake alikuwa amebakiza miaka miwili chuo cha uuguzi. Hesabu hiyo alikuwa ameipiga kabla hajatoka nyumbani.